Vioo vya bure kwa Arduino: anza na printa, si simu

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nimetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa Arduino Uno na kihisi cha DHT22. Inafanya kazi, ila joto na unyevu naviona kwenye laptop tu, na siwezi kuacha laptop bandani siku 21. Nina boksi la vitu vibovu: printa mbili, simu za batani na za kugusa, kioo cha laptop, kalkuleta, na jamaa wa skrepa anataka kuniuzia mashine ya risiti. Nitoe kioo kwenye kipi? Au nijipinde tu ninunue kipya?"

Marahaba. Kwa wasioijua, Arduino Uno ni bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe. Kwa boksi hilo, anza na printa. Simu za kugusa ziweke pembeni, kioo cha laptop kitafutie kazi nyingine, na hiyo mashine ya risiti usiinunue kabla hujamaliza kusoma hapa. Ukikosa kitu ndani ya printa, nunua kioo kipya cha herufi 16 kwa mistari miwili, kile ambacho maduka yote ya Arduino yanakiita 1602. Mayai hayasubiri.

Wanaotafuta vioo vya mtumba wengi wanaangalia ukubwa na rangi. Mimi naangalia chipu kwanza. Kioo chenyewe ni vipande viwili vya glasi vyenye kimiminika katikati na njia za umeme nyembamba zisizoonekana kwa macho. Hakijui herufi A wala namba 7. Anayejua ni chipu inayokiendesha, na wewe unaongea na chipu, huongei na glasi. Kwa hiyo kila kitu unachookota kiulize: chipu ipo? Namba yake inasomeka, au angalau namba ya kioo kizima? Na je, inaongea kwa kasi na volti ambazo Uno inazimudu? Jibu moja likiwa hapana, kioo kizuri namna gani kitakulia mwezi mzima na mwisho utakitupa.

Sasa printa. Printa za ofisini, mashine za fotokopi na faksi za zamani nyingi zilifungwa vioo vya herufi, vya kijani au bluu, mstari mmoja au miwili au minne. Nyuma ya vioo hivi utakuta bodi ndogo ya kijani yenye matone mawili au zaidi ya lami nyeusi. Chini ya lami ndiko iliko chipu, na mara nyingi sana ni HD44780 ya Hitachi au mojawapo ya ndugu zake: KS0066, ST7066, SPLC780. Hitachi waliitoa miaka ya 1980, wengine wakaiga amri zake, na mpaka leo ndiyo lugha ya vioo vya herufi karibu vyote duniani. Ukiona matundu 14 au 16 yamepangwa mstari mmoja ukingoni, tabasamu. Ukiona 14 yamepangwa saba kwa saba upande mmoja, tabasamu vilevile, ni mpangilio wa zamani wa kitu kilekile.

Usiifungue printa nzima. Kama ni ya leza, ndani ya sehemu yake ya umeme kuna kapasita inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Huna haja ya kufika huko. Kioo kiko kwenye kile kipande cha juu chenye batani. Fungua skrubu zake, chomoa utepe, toka nacho.

Kisha kipime kabla hujakiunganisha na Arduino. Chukua testa, weka kwenye alama ya mlio. Mguso mmoja uweke kwenye fremu ya chuma inayoshika glasi au kwenye shaba pana ya bodi, mwingine upitishe kwenye pini za mwisho kila upande. Inayolia kwa kawaida ni ardhi, na hiyo ndiyo pini namba 1. Usiridhike na mlio peke yake: tafuta kwenye bodi alama ya "1", kisha fuata njia uone kama pini ya 2 inafika kwenye upande chanya wa kapasita. Ukishajiridhisha, pini 1 iende ardhi, pini 2 iende volti 5. Pini ya 3 ndiyo ya ukolezi wa herufi; kwa jaribio hili iunganishe na ardhi moja kwa moja. Washa. Kama kioo ni kizima, mstari wa juu utajaa visanduku vyeusi na wa chini utabaki mtupu.

Wengi wakiona hivyo wanadhani kimeungua. Hapana, hizo ni habari njema. Chipu ikiwaka bila kupewa amri yoyote inajiweka kwenye hali ya mstari mmoja, ndiyo maana wa pili haushiki. Umejua kwamba umeme unafika, glasi ni nzima na chipu iko hai, na hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Visanduku visipotokea kabisa, kuna uwezekano wa tatu nje ya ubovu na kukosea pini: vioo vilivyotengenezwa kwa mazingira ya joto kali au baridi kali huhitaji volti hasi kwenye pini ya 3. Hivyo viache kama una kingine.

Taa ya nyuma ina pini zake, kwa kawaida ya 15 na ya 16, chanya na hasi. Lakini kuna viwanda vilivyozigeuza, na vingine viliziweka kabla ya pini namba 1, kwa hiyo usiamini kuhesabu tu. Jaribu kwa rezista ya omu 220 ikiwa njiani, isipowaka geuza. Bila rezista taa inaweza kuwaka vizuri sana kwa dakika chache halafu basi.

Kuunganisha na Uno ni kazi ya nusu saa. Pini ya 4 ya kioo iende pini 12 ya Uno, ya 5 iende ardhi kwa sababu sisi tunaandika tu hatusomi, ya 6 iende pini 11, na zile za 11, 12, 13 na 14 za kioo ziende 5, 4, 3 na 2 za Uno. Za 7 mpaka 10 ziache wazi. Ndivyo mifano ya laibrari (programu iliyoandikwa tayari) ya LiquidCrystal ilivyopangwa, kwa hiyo hutabadilisha kitu kwenye programu, ila hakikisha DHT22 yako haijakaa kwenye mojawapo ya pini hizo. Pini ya 3 ya kioo sasa itoe kwenye ardhi uiweke kwenye mguu wa katikati wa volyumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 10, ncha moja kwenye volti 5 na nyingine kwenye ardhi, uzungushe mpaka herufi zisomeke. Na kwa kuwa kazi yako ni joto: alama ya nyuzi iko kwenye nafasi ya 223 ya chipu zenye herufi za Kijapani ndani yake, ambazo ndizo nyingi mno. Andika lcd.print((char)223) na itatokea.

Printa ndogo za wino za nyumbani ni habari nyingine. Nyingi zina kioo ambacho chipu yake ni kijiti chembamba cheusi kilichogandishwa juu ya glasi yenyewe, pembeni, na utepe wa plastiki unaotoka hapo. Hakuna namba ya maana, hakuna datashiti (maelezo ya kiwanda), na utepe umebandikwa kwa joto hivi kwamba ukiung'oa haurudi. Printa yako ya pili ikiwa hivyo, chukua mota na gia zake, kioo kiache.

Kalkuleta, saa za mezani na mizani mibovu zina glasi tupu ya namba. Hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu wakigusisha betri ya volti 3 kwenye miguu miwili ya glasi wanaona kipande cha namba kinatokea, wanafurahi, wanaunganisha Arduino moja kwa moja. Kinafanya kazi kwa muda, kisha kinafifia. Umeme wa upande mmoja unaharibu kile kimiminika. Glasi hizi zinataka umeme unaogeuka upande mara nyingi kwa sekunde. Kazi hiyo hufanywa na chipu kama HT1621, yenye uwezo wa vipande 128 kwa nyaya tatu tu kutoka Arduino. Ukifungua kifaa chochote cha kupimia ukaikuta HT1621 imekaa kwenye bodi karibu na glasi yake, hiyo ni zawadi: kata njia zinazotoka kwenye ubongo wa zamani, unganisha zako, halafu ukae na daftari uandike kipande kipi kinajibu namba ipi. Kazi ya kuchosha, lakini wapo tunaoipenda. Kama chipu haipo, glasi peke yake haina faida kwako.

Kwenye simu, naomba utenganishe makundi mawili. Nokia 5110 na 3310, zile za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, zina kioo cha nukta 84 kwa 48 kinachoongea lugha ya chipu ya PCD8544. Kinajulikana mpaka mwisho wa kucha, laibrari zipo, na picha yake nzima inakaa kwenye baiti 504 tu, wakati Uno ina baiti 2048 za kumbukumbu. Ndiyo maana viwanda vya China vimeendelea kuvitengeneza kwa ajili yetu na kuvibandika kwenye bodi nyekundu au bluu. Ukikitoa kwenye simu mwenyewe kumbuka mambo mawili. Kwanza, ni kioo cha volti 3.3; ukikipa 5 za Uno moja kwa moja unakifupishia maisha, hivyo weka rezista za kilo-omu 10 kwenye nyaya za mawasiliano na chukua umeme wake kwenye pini ya 3.3 ya Uno. Pili, kinahitaji kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 kati ya mguu wa VOUT na ardhi. Bodi za dukani zinayo tayari, kioo cha kung'oa hakina, na bila hiyo utaandika programu usiku kucha ukitazama kioo cheupe.

Kundi la pili ni simu za kugusa. Acha. Vioo vyake vinaongea kwa njia iitwayo MIPI DSI, ya kasi kubwa ambayo Uno haiwezi hata kuikaribia, na kila kimoja kinataka mfululizo wake wa amri za kuamshwa ambao mwenye kiwanda hautoi ovyo. Fundi simu akikwambia kioo cha simu fulani "kinakubali" ana maana kinakubali simu nyingine ya aina ileile.

Lakini simu ya kugusa ambayo kioo chake bado kinawaka, hata kama laini haishiki na maiki imekufa, ni kioo bora kuliko vyote kwenye boksi lako. Usiifungue! Nunua bodi ya ESP8266 au ESP32, iwe ndiyo inasoma joto, itoe ukurasa mdogo kupitia Wi-Fi yake yenyewe, na simu iufungue kwenye kivinjari ikiwa imechomekwa kwenye chaji. Hakuna intaneti inayohitajika wala bando. Ukipenda kubaki na Uno, moduli ya Bluetooth ya HC-05 na programu ya kusoma maandishi kwenye simu vinatosha. Na kwa njia hii utaangalia joto ukiwa sebuleni, mradi tu uwe ndani ya masafa.

Kioo cha laptop kinapendwa na kila mtu na kinamshinda karibu kila mtu, kwa hiyo nitoe hesabu yake. Cha kawaida cha inchi 15.6 kina nukta 1366 kwa 768. Kila nukta ikichukua baiti tatu za rangi, picha moja ni zaidi ya baiti milioni tatu, na inatakiwa irudiwe mara 60 kwa sekunde bila kukoma, kwa sababu kioo chenyewe hakina kumbukumbu. Uno ina baiti 2048 na mapigo milioni 16 kwa sekunde. Hapo hakuna ujanja wa programu utakaosaidia.

Unachoweza kufanya ni kukigeuza kiwe monita. Nyuma ya kioo kuna kibandiko chenye namba kama LP156WH2, B156XW02 au LTN156AT. Herufi za mwanzo ni za kiwanda, zinazofuata ni inchi. Namba hiyo ndiyo unayompa fundi TV, maana wao hufunga kila siku zile bodi za jumla kama V59 zenye matundu ya HDMI, VGA na AV. Mwambie aangalie jampa ya volti (kile kiunganishi kidogo cha kuchagulia volti) kabla ya kuwasha: vioo vya laptop vinatumia 3.3, na bodi hizo huweza kutoa 5 na 12 pia kwa ajili ya vioo vya TV. Ikiwekwa 12 ndiyo kwaheri. Bodi hizo pia ni za vioo vya LVDS, njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye kioo. Laptop za miaka ya karibuni nyingi zina eDP, ambayo inataka bodi yake tofauti. Na kama kioo chako ni cha zamani sana, kinene, chenye waya wa rangi ya waridi na mweupe unaotoka pembeni, ndani kuna bomba jembamba la taa linalotumia mamia ya volti na lenye zebaki. Likivunjika fungua madirisha, usipulizie kwa mdomo. Kioo kilichokwisha kugeuzwa monita kinaifaa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kwa mashine ya vifaranga ni kumwita trela kubeba debe la mahindi.

Kama una hamu ya kioo kikubwa kwa bei ya bure, TV yoyote yenye tundu la njano la AV inaweza kupokea picha kutoka kwenye Uno hiyohiyo. Laibrari inaitwa TVout. Pini ya 9 inapita rezista ya kilo-omu moja, pini ya 7 inapita ya omu 470, zinakutana kwenye waya wa katikati wa plagi ya njano, na ardhi kwa ardhi. Unapata nukta 128 kwa 96, nyeusi na nyeupe, ambazo peke yake zinakula baiti 1536 za kumbukumbu, kwa hiyo programu yako iwe nyembamba. TV ya chogo iliyokataliwa na kila mtu bado inaweza hilo.

Kuhusu mashine ya risiti. Kama ni mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, usinunue kwa mtu wa skrepa na usiifungue, hata kama kioo chake kinakutazama. Ina kumbukumbu ya kodi na imesajiliwa kwa jina la mfanyabiashara fulani TRA; kuikuta kwako imefunguliwa ni maswali usiyoyahitaji. Vivyo hivyo mita ya LUKU na kile kidude chake cha kubonyezea namba. Ni mali ya shirika la umeme, hata ikiwa imeanguka na kupasuka. Kile kioo cha kumwonyesha mteja bei kwenye kaunta za supamaketi, chenye kimguu na maandishi ya kijani-bluu yanayong'aa, ni kitu kingine kabisa, ruksa na kitamu: vingi vina mistari miwili ya herufi 20 na vinapokea maandishi ya kawaida kwa waya wa RS-232, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta. Unahitaji moduli ya MAX3232 katikati, kwa kuwa volti za RS-232 zitaiumiza Uno, na umeme wake ni ule ulioandikwa kwenye kibandiko chini.

Ukienda kununua, Kariakoo, Luthuli kule Nairobi au kwa wauza skrepa wa mtaani kwenu, usiulize "una LCD?" Utaonyeshwa TV. Ulizia printa na fotokopi mbovu, au bodi za batani za fotokopi, halafu ugeuze uangalie nyuma. Beba betri za saizi ya AA nne za kuchaji. Zinatoa volti 4.8 hivi, zinatosha kuona vile visanduku vyeusi palepale kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikukataza kujaribu, rudisha mezani. Na usilipe zaidi ya nusu ya bei ya 1602 mpya, kwa sababu mpya nyingi huuzwa na bodi ndogo ya I2C mgongoni inayotumia nyaya mbili za mawasiliano badala ya sita. Anwani yake huwa 0x27 au 0x3F. Ikikataa moja jaribu nyingine kabla ya kumrudishia mwenye duka.

Kuna wanaopenda OLED ndogo (kioo kinachowaka chenyewe) ya SSD1306 ya inchi 0.96. Ni nzuri, inasomeka gizani, lakini picha yake nzima ni baiti 1024, nusu ya kumbukumbu ya Uno, na namba zake kwa mbali huzioni. Kwa bandani ningechukua 1602, au moduli ya tarakimu nne za LED ya TM1637 kama ni joto tu unalotaka. Hiyo inasomeka ukiwa mlangoni.

Popote utakapopata kioo, kiweke nje ya boksi la mayai. Ndani kuna nyuzi 37.5 na unyevu mwingi. Joto hukoleza herufi za LCD mpaka usuli mzima unaingia weusi, nao unyevu unakula pini. Urekebishe ile volyumu mashine ikiwa imeshapata joto lake, maana ukiirekebisha asubuhi ya baridi mchana utarudi kuigusa tena. Waya wa kutoka Uno mpaka kwenye kioo usizidi nusu mita kama unatumia zile nyaya sita. Ukizidi hapo herufi za ajabu huanza kujitokeza, hasa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya taa ya joto inapowaka na kuzima. Kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya pini 1 na 2 za kioo hupunguza sana tatizo hilo.

Kioo cha printa kikikugomea, nitumie picha mbili, ya mbele na ya nyuma, pini zote zionekane, na uandike pini ipi ililia na fremu. Bila picha ya nyuma nitabaki kukisia.